Kemia ya Angahewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hewa tunayovuta imeundwa na nini hasa?

Chukua hewa, iondolee mvuke wote, kisha uipime kwa ujazo. Nitrojeni ni asilimia 78.08, oksijeni 20.95 na agoni 0.93. Jumla yake ni 99.96. Kaboni dioksidi, methani, ozoni, gesi za friji na moshi wa daladala vyote vinagawana kile kidogo kilichobaki. Ndiyo maana wanaopima hewa hawatumii asilimia bali sehemu kwa milioni (ppm) na sehemu kwa bilioni (ppb).

Mvuke wa maji huhesabiwa pembeni kwa sababu hautulii: kwenye baridi kali ya Antaktika ni karibu sifuri, na Dar es Salaam mwezi Machi unaweza kufika asilimia 3 ya hewa yote.

Karibu kila jambo la maana katika kemia ya angahewa hutokea kwenye ile sehemu ndogo iliyobaki. Nitrojeni na oksijeni ni nyingi mno, hivyo binadamu hawezi kuzigeuza kwa kiasi cha kuhisika.

Gesi iliyo sehemu 420 tu kwa milioni inawezaje kupasha dunia joto?

Molekuli yenye atomi mbili zinazofanana, kama ya nitrojeni au oksijeni, ikitikisika haibadilishi mgawanyo wake wa chaji, kwa hiyo mionzi ya infraredi inayotoka ardhini hupita bila kunaswa. Kaboni dioksidi ina atomi tatu, na ikijipinda hunasa mionzi yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 15, pale pale ambapo ardhi hutoa joto jingi. Kwa hiyo asilimia 99.96 ya hewa haishiriki katika kunasa joto, na kazi yote wanaachiwa mvuke, kaboni dioksidi, methani, nitrasi oksidi (N2O), ozoni na jamaa zao. Bila gesi hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu yake.

Kabla ya viwanda, karibu mwaka 1750, kaboni dioksidi ilikuwa takriban ppm 280. Charles David Keeling alipoanza kuipima mfululizo kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulipita 420, na kila mwaka huongezeka ppm mbili na nusu hivi. Viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa kwenye barafu ya Antaktika vinaonyesha kuwa kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda haikuwahi kupita 300.

Kwa nini gesi nyingine huenea dunia nzima na nyingine huishia mtaani kwetu?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, na jibu lake ni umri: molekuli ikishaingia hewani, inakaa muda gani kabla ya kuharibiwa au kuoshwa? Upepo huchukua wiki kadhaa kuizungusha gesi kuufuata mstari wa latitudo, na karibu mwaka mzima kuichanganya kati ya kizio cha kaskazini na cha kusini. Linganisha muda huo na umri wa gesi yenyewe:

- Haidroksili (kipande cha molekuli kitakachoelezwa hapa chini): sekunde moja hivi au chini yake
- Oksidi za nitrojeni (NO na NO2) karibu na ardhi: saa chache hadi siku
- Salfa dioksidi: siku chache
- Mvuke wa maji: siku 9 hivi
- Ozoni ya tabaka la chini: wiki tatu hivi
- Kaboni monoksidi: miezi miwili hivi
- Methani: miaka 9 hadi 12, kutegemea namna ya kuhesabu
- CFC-12, gesi ya friji za zamani: miaka 100 hivi
- Nitrasi oksidi: miaka 110 hadi 120

Ndiyo sababu NO2 ya barabarani ni tatizo la barabara ile, na kipimo kikiwekwa mita 300 kutoka lami hupungua sana. Methani iliyovuja Siberia, kwa upande mwingine, utaipima Mlima Kenya.

Kaboni dioksidi haina umri mmoja wa kuandika kwenye orodha hii. Hewani hakuna kinachoiharibu. Huhama tu kwenda kwenye mimea, udongo na bahari, na sehemu yake hurudi. Katika kila tani mia tunazotoa, karibu nusu huondoka hewani ndani ya miongo michache, na sehemu isiyopungua kumi na kitu itakuwapo bado baada ya miaka elfu. Ukiambiwa "kaboni dioksidi hukaa miaka mia", jua mtu amerahisisha kupita kiasi.

Si mvua ndiyo inayosafisha hewa?

Nusu ya kweli. Mvua huosha vumbi, chumvi, asidi ya nitriki, asidi ya salfa na chochote kinachoyeyuka kwenye maji. Methani na kaboni monoksidi hazioshwi, maana haziyeyuki kiasi cha maana. Hizo lazima kwanza ziunguzwe polepole, na anayeziunguza ni haidroksili, kipande cha molekuli chenye atomi moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni.

Haidroksili huzaliwa hivi. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 320 hivi huipasua ozoni na kutoa atomi ya oksijeni yenye nishati ya ziada. Nyingi ya atomi hizo hugongana na nitrojeni na kutulia, lakini chache hukutana na molekuli ya maji, na hapo hupatikana haidroksili mbili. Hivyo mahitaji ni matatu: jua kali, unyevu na ozoni kidogo. Ukanda wa ikweta una vyote, ndiyo maana methani nyingi ya dunia huishia juu ya tropiki, pamoja na anga la Afrika Mashariki na Kongo.

Kiasi chake ni kidogo cha kushangaza, takriban molekuli milioni moja katika kila sentimita ya ujazo, ilhali sentimita hiyo hiyo ina molekuli za hewa zipatazo bilioni ishirini na tano mara bilioni moja. Usiku haidroksili karibu inatoweka. Hakuna kiwanda wala mashine ya mjini inayoweza kufanya kazi hii badala yake, na matangazo ya "kusafisha hewa ya jiji" kwa minara ya chujio tunayachukulia kwa tahadhari kubwa.

Ozoni ni nzuri au mbaya?

Inategemea iko wapi. Kati ya kilomita 15 na 35 juu inanyonya urujuanimno ambao ungeharibu ngozi, macho na mazao. Karibu na ardhi ni sumu ya mapafu na huunguza majani ya maharage. Molekuli ni ile ile, atomi tatu za oksijeni.

Ya juu hutengenezwa na jua peke yake: mwanga wenye wimbi fupi kuliko nanomita 242 huipasua oksijeni, na kila atomi hujishika kwenye molekuli nzima. Sydney Chapman alieleza jambo hilo mwaka 1930. Ya chini haiwezi kutengenezwa hivyo kwa sababu mwanga huo haufiki ardhini. Hutengenezwa na moshi, kama ilivyoelezwa mbele.

Tabaka la ozoni lina unene gani, na hupimwaje?

Neno "tabaka" huwapotosha watu wakadhani kuna blanketi. Ozoni yote iliyo juu yako ikishushwa hadi usawa wa bahari kwa nyuzi sifuri, ingekuwa na unene wa milimita tatu hivi. Kipimo chake ni dobsoni. Dobsoni 100 ni milimita moja. Juu ya ikweta ni kama 260 mwaka mzima, juu ya Ulaya wakati wa machipuko huweza kupita 400. Hiyo tofauti haitokani na uchafuzi: ozoni hutengenezwa zaidi tropiki kisha upepo wa juu huisukuma kuelekea kwenye ncha.

Nairobi ni miongoni mwa vituo vya tropiki ambavyo tangu miaka ya 1990 vimekuwa vikirusha puto la kupimia ozoni. Kifaa kinachoning'inia chini ya puto ni kidogo, na kemia yake ni ya maabara ya sekondari: pampu ndogo hupitisha hewa kwenye mmumunyo wa iodidi ya potasiamu, kila molekuli ya ozoni huitoa iodini, na iodini hiyo huendesha elektroni mbili kwenye waya. Pima mkondo wa umeme na kasi ya pampu, umepata ozoni. Puto hupanda kama mita tano kwa sekunde na hupasuka karibu na kilomita 30 au zaidi.

Yanayoharibu kipimo ni ya kawaida kabisa. Mmumunyo ukichanganywa kwa uwiano usio sahihi hata kwa sehemu ndogo, ozoni yote husomeka juu au chini. Pampu hupoteza nguvu hewa inapokuwa nyepesi, kwa hiyo bila jedwali la marekebisho namba za juu ya kilomita 25 zitakuwa ndogo kuliko ukweli. Na salfa dioksidi huifuta ishara: molekuli moja ya salfa dioksidi hughairi moja ya ozoni, jambo la kukumbuka kila puto linapopita kwenye moshi wa volkano.

Kwa nini tundu la ozoni liko Antaktika wakati friji na viwanda vingi viko kaskazini?

CFC (klorofluorokaboni, gesi za friji za zamani) huishi muda mrefu kiasi cha kuenea dunia nzima, kwa hiyo mahali zilipotolewa hapana maana. Ziko sawasawa juu ya Mombasa na juu ya Ncha ya Kusini. Kinachotofautisha Antaktika ni baridi.

Klorini inayotoka kwenye CFC kwa kawaida hulala katika sura mbili zisizo na madhara: haidrojeni kloridi na klorini nitrati. Majira ya baridi, upepo unaozunguka Antaktika huifunga hewa ya juu isichanganyike na ya nje, na joto hushuka chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Hapo hutokea mawingu ya barafu na asidi ya nitriki kwenye urefu ambao kwa kawaida hauna mawingu. Juu ya chembe za mawingu hayo zile sura mbili huungana na kutoa gesi ya klorini, ambayo hujikusanya gizani. Jua likirudi mwezi Septemba huipasua klorini, na kila atomi huanza kula ozoni huku yenyewe ikibaki nzima, kwa kuwa ni kichocheo. Atomi moja inaweza kuharibu hadi molekuli 100,000 kabla ya kufungwa tena.

Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuhusu klorini ya CFC mwaka 1974, lakini hawakutabiri tundu hilo. Liligunduliwa na Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, waliotangaza matokeo ya kituo cha Halley, Antaktika, mwaka 1985. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kusitisha CFC na ndugu zake, ilisainiwa tarehe 16 Septemba 1987. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 inakadiria ozoni itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 kufikia takriban 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, 2045 Aktiki, na 2066 Antaktika.

Kwa hiyo tundu la ozoni ndilo linaloingiza joto duniani?

Hapana. Ni mambo mawili tofauti yanayochanganywa hata kwenye vitabu vya kiada. Yanakutana sehemu moja tu: CFC na ndugu zake huharibu ozoni na, mbali na hilo, hunasa joto.

Mimi ni fundi friji na AC. Yananihusu nini?

Wewe unashika gesi hizi kwa mikono kuliko mtu mwingine yeyote. R-12, yaani ile CFC-12, ilishakatazwa. R-22 bado iko kwenye AC nyingi za zamani, ina klorini, na nchi zinazoendelea zinamaliza kuitumia kufikia 2030. R-134a, R-404A na R-410A hazina klorini, kwa hiyo hazigusi ozoni, ila hunasa joto vibaya sana: kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani ni sawa na takriban kilo 2,088 za kaboni dioksidi, na R-404A ni karibu 3,900. Ndizo zilizolengwa na marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyokubaliwa Rwanda Oktoba 2016. Nchi nyingi za Afrika zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, na kufika punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Mwenye karakana ajue basi kwamba bei ya mitungi hiyo haielekei kushuka.

Kwenye kazi yenyewe:

Soma kibandiko cha kompresa kabla ya kufungua chochote. Ukiona R-600a, hiyo ni isobutani, inawaka. Friji ya nyumbani huhitaji gramu 30 hadi 70 hivi, chini ya nusu ya uzito ambao R-134a ingehitaji, kwa hiyo kujaza kwa kuangalia geji au kwa mazoea ya R-134a kutaifanya ijae kupita kiasi. Tumia mizani inayosoma gramu moja moja.

Gesi ya zamani usiiachie. Ivute kwa mashine ya kurejesha, kwenye mtungi wake peke yake, na usiujaze zaidi ya asilimia 80 kwa sababu kimiminika kikipata joto kitatanuka. Ukichanganya R-22 na R-410A kwenye mtungi mmoja, umepata takataka ambayo hakuna anayeweza kuitenganisha kwa bei ya kawaida.

Kupima uvujaji tumia nitrojeni kavu na povu la sabuni. Oksijeni kamwe: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo. Kisha vuta vakyumu hadi chini ya mikroni 500 (kipimo cha shinikizo dogo), funga valvu, subiri. Ikipanda polepole na kusimama, kuna unyevu. Ikiendelea kupanda bila kusimama, kuna tundu. Unyevu ukibaki huganda kwenye kapilari, na pamoja na mafuta ya POE (mafuta ya sintetiki ya kompresa) hutengeneza asidi itakayokula koili za mota.

Na usiweke propani kwenye AC iliyoundwa kwa R-22. Inapoza vizuri, ndiyo maana wengi hushawishika, lakini swichi na mota zake hazikutengenezwa kuwa karibu na gesi inayowaka.

Moshi wa magari hugeukaje kuwa ozoni?

Injini ikiwaka, joto lake huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe kuwa NO, ambayo baadaye huwa NO2. Mwanga wa jua wenye wimbi chini ya nanomita 420 huipasua NO2 kuwa NO na atomi ya oksijeni. Atomi hiyo hujishika kwenye oksijeni na kuwa ozoni. NO iliyobaki huila ozoni ile ile na kurudi kuwa NO2. Hadi hapo ni mzunguko usio na faida. Mambo huharibika yanapoongezeka mivuke ya petroli, rangi, na moshi wa kuni: hiyo, ikisaidiwa na haidroksili, huigeuza NO kuwa NO2 bila kula ozoni, na ozoni hujirundika.

Matokeo yake huwashangaza wanaopima kwa mara ya kwanza. Kando ya barabara yenye msongamano ozoni huwa ndogo, kwa kuwa NO mbichi inaila. Kilele hutokea saa saba hadi saa kumi alasiri, kilomita nyingi upande upepo unakoelekea, mara nyingi mashambani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa nane.

Uchomaji wa mbuga na mashamba nao hufanya kemia hii hii, kwa eneo kubwa zaidi ya jiji lolote. Msimu wa moto wa kusini mwa Afrika, Juni hadi Oktoba, huonekana kwenye ozoni ya hadi juu ya Atlantiki.

Mkaa haufuki moshi. Kwa nini jiko la ndani linaua?

Kwa sababu tabaka nene la makaa mekundu huigeuza kaboni dioksidi kurudi kuwa kaboni monoksidi: gesi iliyozalika chini hupita kwenye kaboni ya moto juu yake na kuongeza atomi moja ya kaboni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa ppm 400 kichwa huuma ndani ya saa moja au mbili. Kwa 1,600 mtu anaweza kufa ndani ya saa mbili, na chumba kilichofungwa hufika hapo kwa jiko moja la kupashia joto usiku.

Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo haikai chini wala juu, hujaa chumba kizima. Kulala sakafuni hakusaidii. Beseni la maji kando ya jiko, kama wengine wanavyoamini, halisaidii chochote, maana haiyeyuki. Jiko litoke nje kabla ya watu kulala.

Mazuku ni nini?

Ni jina wanalotumia wakazi wa Goma na kandokando ya Ziwa Kivu, na wanasayansi wa volkano wamelichukua hivyo hivyo: mabonde na mashimo ambamo kaboni dioksidi ya volkano hutoka ardhini na kutuama. Tofauti na gesi ya jiko, hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Usiku na alfajiri, kukiwa hakuna upepo, hujaa kwenye shimo. Jua likipanda na upepo ukianza hupungua. Ikizidi asilimia 10 mtu hupoteza fahamu upesi, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Mtoto na mbuzi huathirika kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Mshumaa si kipimo salama: unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kaboni dioksidi imeshafika kiwango cha hatari.

Ziwa Kivu lenyewe limebeba kilindini takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Upande wa Rwanda methani hiyo huvutwa na kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt una megawati 26.

Mvua ya asidi ipo kwetu?

Mvua safi nayo ni asidi kidogo, pH 5.6, kwa ajili ya kaboni dioksidi. Chini ya 5 kuna salfa au nitrojeni imeingia. Karibu na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, salfa dioksidi, haidrojeni kloridi na haidrojeni floridi zake huishusha sana, mabati huoza mapema, na maji ya paa hubeba floridi inayoharibu meno. Anayekinga maji ya mvua huko aache dakika 15 hadi 20 za kwanza za mvua zipite, na asitumie mfereji wa risasi wala wa mabati mapya kwa maji ya kunywa, kwa sababu asidi huyeyusha madini.

Tunajuaje kuwa kaboni dioksidi iliyoongezeka si ya volkano?

Kwa ushahidi wa aina tatu usiotegemeana. Kwanza, mimea hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13, na makaa na mafuta ni mimea na viumbe vya kale. Ndiyo sababu uwiano wa kaboni-13 hewani umeshuka kutoka takriban −6.4 kwa elfu (yaani 6.4 kwa elfu chini ya kiwango cha marejeo) hadi takriban −8.5. Gesi ya volkano iko karibu −5, isingeweza kuushusha. Pili, kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo mafuta ya kisukuku hayana hata chembe yake, na kuyachoma kumekuwa kukipunguza sehemu ya kaboni-14 hewani. Tatu, oksijeni inashuka kwa kadiri ile ile ambayo uchomaji ungeila; volkano haili oksijeni namna hiyo. Zaidi ya hayo, volkano zote kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 2 ya kile tunachotoa sisi.

Basi oksijeni itaisha?

La. Inashuka kama sehemu 4 kwa milioni kila mwaka kati ya 209,500. Kwa mwendo huo, baada ya miaka elfu itakuwa kama asilimia 20.55. Ule usemi kuwa msitu fulani hutupatia asilimia 20 ya oksijeni si kweli. Msitu uliokomaa hutumia karibu yote inayotoa. Akiba iliyopo ilijengwa na bakteria wa usanisinuru waliokuwa baharini, iliyoanza kujaa hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita.

Mbolea ya urea inaingiaje humu?

Kwa milango miwili. Ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu kisha jua likawaka, sehemu yake hupaa kama amonia ndani ya siku chache. Ifukie sentimita 5 au iweke kabla ya mvua ya wastani. Iliyobaki huliwa na bakteria, nao huachia nitrasi oksidi, kwa kadirio la kawaida asilimia 1 ya nitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Asilimia 1 ni kilo 0.23, ambayo ikiwa nitrasi oksidi hupima kilo 0.36, na kila kilo hunasa joto mara 273 kuliko kaboni dioksidi. Jumla ni sawa na kama kilo 100 za kaboni dioksidi kwa mfuko.

Na ng'ombe?

Methani hutoka mdomoni kwa kubeua, si upande wa pili kama utani unavyosema. Ng'ombe wa maziwa wa Marekani hutoa zaidi ya kilo 100 kwa mwaka. Wetu hutoa pungufu kwa kichwa, ila zaidi kwa kila lita ya maziwa, kwa sababu malisho duni hutengeneza methani nyingi na maziwa machache.

Nimenunua kipima kaboni dioksidi. Kwa nini kinasoma ajabu?

Kwanza hakikisha ni cha infraredi. Vifaa vya bei ya chini vinavyoandika "eCO2" havipimi kaboni dioksidi. Hukisia kutokana na mivuke mingine, na manukato huvirusha juu.

Cha infraredi huhesabu molekuli, na juu mlimani molekuli ni chache. Nairobi, kwa mita 1,700 hivi, shinikizo ni kama hektopaskali 825, na kifaa kisichojua mwinuko kitasoma takriban 350 nje wakati ukweli ni 425. Ingiza mwinuko au shinikizo kwenye mipangilio.

Kosa la pili ni urekebishaji wa kujiendesha. Kifaa hudhani kuwa kipimo cha chini kabisa cha wiki ni hewa ya nje, nacho hujipanga upya kwa ppm 400. Kwenye bweni lisilokuwa tupu hata siku moja, kitaanza kusoma chini kidogo kidogo. Kizime kipengele hicho, kisha ukirekebishe mwenyewe: nje, mchana penye upepo, mbali na barabara, dakika 20, kikiwa urefu wa mkono kutoka usoni, kwani pumzi yako ina ppm 40,000.

Ninabadilishaje ppb kuwa mikrogramu kwa mita ya ujazo?

Zidisha ppb kwa uzito wa molekuli, gawanya kwa 24.45. Ozoni ppb 50: 50 × 48 ÷ 24.45 = mikrogramu 98. Hiyo 24.45 ni ya nyuzi 25 usawa wa bahari. Nairobi tumia 30, na ozoni ile ile ya ppb 50 inakuwa mikrogramu 80. Ukilinganisha na viwango vya kimataifa, tumia 24.45, na uandike wazi kuwa umefanya hivyo.